Ng'ombe wa Mama na Cheti cha Kiingereza

Sijawahi kuona ukarimu ukitugharimu kama siku ile kina mama wa chama chetu cha kukopeshana walipokuja nyumbani Karurumo kukagua mali. Nilikuwa mwalimu wa chekechea, mshahara elfu kumi na mbili, na nilitaka kukopa elfu themanini nikasomee cheti cha kufundisha Kiingereza katika chuo kimoja cha Makutano, kule Meru. Desturi ya chama ni kwamba anayeomba mkopo hutembelewa, na vitu vyake vya thamani huandikwa kwenye daftari. Ukikosa kulipa miezi miwili mfululizo, vinabebwa.

Mtu mwenye akili angeficha vitu. Lakini mama yangu, ambaye tunaishi naye wawili tu, hajui kumpa mgeni chai kwenye kikombe kilichomeguka. Alitoa vikombe vya maua ambavyo hata mimi sikuruhusiwa kuvigusa. Katibu akaandika: vikombe, kumi na viwili. Mama akaleta chupa kubwa ya chai, ikaandikwa. Akatandika kitambaa alichofuma mwenyewe, kikaandikwa. Nilimkonyeza mpaka jicho likaniuma. Alipoinuka kwenda kuleta sahani za kioo, nilimshika nguo.

"Mama, kaa chini, unatumaliza," nilimnong'oneza.

"Na wageni wakulie ndizi wapi?"

Sahani nazo ziliandikwa, na bado hesabu haikufika. Mwenyekiti aliniangalia kwa huruma. "Mwalimu, hii haitoshi. Hakuna kitu ingine?"

Kabla sijafungua mdomo, mama alisema, "Andika ng'ombe."

Alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Maziwa yake ndiyo yaliyonunua unga, sukari na dawa za presha za mama. Nilikataa, nikasema afadhali masomo yakae. Aliniuliza kama ng'ombe ni wangu ama ni wake. Katibu akaandika, na kina mama wakamaliza ndizi zao kwa furaha.

Kosa langu lilikuwa kumwamini mama mmoja wa ofisi ya chuo, aliyeniambia kwamba wenye cheti kile hulipwa elfu thelathini kwenda juu. Nilipomaliza miezi yangu sita, shule moja ya hapo Makutano ilinipa elfu kumi na nane, na mwenye shule alisema hivyo kama mtu anayenipa zawadi. Ukitoa elfu tano za chama na elfu tatu za chumba, nilibaki na elfu kumi za kula, kupanda gari na kusali. Nilikuwa nimezidi kuwa maskini, ila sasa nilizungumza Kiingereza kizuri. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi hata hiyo harusi sikuiona.

Halafu shule ikachelewesha mshahara na nikakosa kulipa mwezi mmoja. Mwenyekiti alinipigia simu, hakunigombeza, alisema tu, "Mwalimu, unajua tukikuja tena si ya chai." Niliogopa kweli. Nilikuwa nikimwazia mama amesimama kando huku ng'ombe akifunguliwa kamba.

Wokovu ulitoka kwa mzazi mmoja wa shule, mfanyabiashara wa miraa kutoka Kangeta. Yeye na wenzake watatu walitaka Kiingereza cha kuzungumza na wanunuzi wa nje kwenye simu, na walikuwa tayari kulipa mia tano kila mmoja kwa somo, kila Jumamosi soko likishatulia. Nilienda na kitabu changu cha chuo. Hawakukitaka. Sura ya kwanza ilihusu familia iliyokwenda kutembea ufuoni, na mmoja wao aliniuliza huko ufuoni wanauza nini. Basi nikakiweka kitabu mfukoni, nikawafundisha kutaja bei, kukataa bei na kujifanya wanaondoka. Sijawahi kupata wanafunzi wenye bidii kama wale. Somo la nne walinizunguka wote wanne na, kwa Kiingereza nilichowafundisha mwenyewe, wakaanza kunishusha ada kutoka mia tano hadi mia tatu. Nilijifanya naondoka. Walinirudisha kwa mia tano, na nilicheka njia nzima mpaka Makutano.

Nilipeleka zile pesa kwenye chama, za mwezi uliopita pamoja na za mwezi ule, na sikukosa tena. Mwaka jana nilimaliza deni. Jumapili iliyofuata nilirudi nyumbani na karatasi. Nilikuwa nimejumlisha karo, riba, kodi ya chumba na ile nusu mwaka niliyokaa bila mshahara, nikalinganisha na pesa ambazo ningepata kama ningebaki chekechea. Niliona ni haki mama ajue ukweli.

"Mama, nimepiga hesabu mara tatu," nilimwambia. "Mpaka leo hatujapata faida hata shilingi. Tungekaa tu vile tulivyokuwa, ingekuwa sawa."

Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Baba yangu pia alipiga hesabu," alisema. "Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa watoto watano na karo ya wawili. Akahesabu, akaona mimi sitarudisha kitu, nitaolewa tu, akanitoa shuleni. Hesabu yake ilikuwa sawa. Hakukosea hata kidogo."

Aliendelea na maharagwe yake. Mambo hayo sikuwa nimewahi kuyasikia, na nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Niliikunja ile karatasi, nikaona aibu, nikasogeza kiti nikamsaidia kuchambua.