Mikia Isiyoshonwa

Mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi, na wala si kwa sababu ya cherehani. Ni ule mdomo. Kitambaa alikikata mara moja, na mtu mara moja, harudii. Lakini palikuwa na mwanamke mmoja ambaye hajamkata bado, na kwa huyo alinoa miaka yote.

Huyo alikuwa mama mkwe wake wa zamani. Bi Mkasi aliolewa na kifungua mimba wa yule mama akiwa bado binti mbichi, na mwaka wa kwanza tu akaamriwa ashone nguo za mtoto, zikae tayari. Akashona vishati na vikofia, akavipanga kabatini. Mtoto hakuja. Miaka ikapita. Jumamosi moja, wanawake wa mtaa wamejaa barazani kama kawaida yao, mama mkwe akazitoa zile nguo, akazichana mbele yao na kuzichovya kwenye ndoo ya kudekia aliyoshikiwa na jirani.

"Afadhali zifute sakafu," alisema. "Tumbo la huyu ni gunia tupu."

Kisha godoro la Bi Mkasi likatupwa nje. Mumewe alikuwa nyuma ya pazia la mlangoni. Vidole vyake vya miguu vilionekana chini ya pindo, maana pazia lile alilishona Bi Mkasi mwenyewe na kitambaa hakikutosha. Vidole havikusogea.

Aliondoka na godoro kichwani, na mkononi kishati kimoja alichokipokonya kwenye ndoo, kimebaki na mkono mmoja. Akaolewa na muuza mbao, akazaa watoto wanne wenye mdomo kama wake. Kishati akakitia mkono wa pili kwa kitambaa kingine, wakakivaa wote kwa zamu. Ungedhani moyo umetulia. Haukutulia hata kidogo. Kila alipojifungua alisema kimoyomoyo, "Haya, mwone huyu," lakini aliyetakiwa kuona hakuja kuona. Yeye alikaa barazani kwake akivumisha kwamba watoto wale ni wa dawa za mganga.

Asubuhi moja akaingia kibandani kwake mke wa yule aliyekuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe wa kwanza. Alileta gauni la kupunguzwa kiuno. Bi Mkasi alikuwa na pini mdomoni aliposikia kwikwi.

"Simama wima, nitakuchoma."

"Dada, Jumamosi natolewa. Mama anasema mimi gunia tupu."

Bi Mkasi akatema pini kiganjani. "Kasema gunia?"

"Gunia. Na ukweli anaujua. Tulipimwa wote hospitali, mume wangu na kaka yake, na mama naye akatolewa damu."

Akaeleza kama daktari alivyowaeleza. Kwamba ndani ya mwili wa mtu mna maagizo, yanaitwa jeni, na jeni moja kazi yake ni kuagiza protini inayojenga mkia wa mbegu ya mwanamume. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama, moja ya baba. Mama mkwe ana nakala moja mbovu, na marehemu mumewe lazima alikuwa nayo kama yeye. Wao wenyewe haikuwazuia kuzaa, nakala nzima ilifanya kazi. Lakini wale ndugu wawili wamepokea mbovu zote mbili. Mbegu zao zina vichwa, mikia imeishia njiani, haziogelei.

"Kumbe ni kama karatasi ya kukatia nguo," Bi Mkasi alisema. "Ikiwa na tundu penye mkono, kila shati litatoka halina mkono, hata umlete fundi gani."

"Daktari alisema si kosa la mtu."

"Si kosa, kweli. Hata mimi halikuwa kosa langu. Mbona godoro lilitoka?" Akamgeuza amalizie kiuno. "Nikiyasema haya hadharani utanikana?"

"Mume wangu mwenyewe anataka yasemwe. Anamwogopa mama tu."

"Mimi simwogopi."

Jumamosi alivaa gauni lake jekundu, lile la harusi za watu. Alikuta baraza limejaa na godoro la yule binti limeshaegemezwa ukutani nje. Akalilaza chini, akalikalia.

"Nani kakuita?" mama mkwe aliuliza.

"Godoro. Tunafahamiana."

Wanawake wakacheka, wakaficha vinywa kwa khanga.

"Mama, waambie wenzio daktari alisema nini."

Yule mama akapoa kama chai iliyosahauliwa. "Twende ndani tuzungumze, mwanangu."

"Leo mwanangu? Mimi nilifukuzwa nje, nitazungumza nje. Kama hutaki kusema, nitasema mimi, ila mimi nitatia chumvi."

Jirani aliyeshika ndoo siku ile alikuwa anatazama kucha zake.

"Tatizo liko kwa wanangu," mama mkwe akanong'ona.

"Sauti, mama. Siku ile ulikuwa nayo."

"Liko kwa wanangu. Limetoka kwangu na kwa baba yao. Wakwe zangu hawana ila."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Huyu na wewe."

Bi Mkasi akatazama mlangoni. Pazia lilikuwa lilelile, limechakaa, na chini ya pindo vilikuwepo vidole vilevile.

"Na wewe uliye nyuma ya pazia langu," alisema, "toka ubebe godoro la shemeji yako ulirudishe chumbani."

Akatoka. Hakumtazama mtu. Akalibeba godoro kichwani, mbele ya wote, akaingia nalo.

"Sasa umeridhika?" mama mkwe aliuliza.

"Bado. Jumamosi nitapita nione kama umesahau."

Na alipita. Akiwa na kazi au hana, kila Jumamosi Bi Mkasi alipita mbele ya baraza lile polepole, watoto nyuma yake, kitinda mimba mgongoni kavaa kishati chenye mikono miwili isiyofanana.