Ukuta wa Mababu Ulioninyima Choo

Mmewahi kunyimwa choo na televisheni?

Mimi nimenyimwa. Tulieni niwasimulie.

Goti langu la kulia limestaafu kabla yangu. Choo chetu kiko nje, mwisho wa ua, na mvua ikinyesha njia yote ni utelezi mtupu. Mwanangu mkubwa akasema, "Mama, umeteseka vya kutosha. Tutatoboa mlango kwenye ukuta wa nyuma wa chumba chako, tukujengee choo upande wa pili."

Nikamwombea dua mpaka akaona haya.

Fundi akaleta mchanga na matofali. Sinki la choo nalo likafika, likawekwa barazani, jeupe pe! Kila nikipita nalisalimia.

Ndipo wakaja watu wa televisheni.

Wana kipindi chao, wanazunguka mkoa mzima kutafuta majengo ya kale na historia zake. Nyumba yetu alijenga babu yake mume wangu, kwa hiyo kweli ni ya kale. Kijana mtangazaji, miwani myeusi hata ndani ya nyumba, akaingia chumbani kwangu akasimama mbele ya ukuta ule ule.

"Mungu wangu! Bibi, tazama ulivyopinda!"

"Naujua, mwanangu. Nalala nao."

Sasa sikieni. Ukuta ule mababu hawakuujua. Wa kwanza uliangushwa na mvua, marehemu mume wangu akagombana na fundi, akasema, "Kwani kujenga ni kitu gani?" Akajenga mwenyewe, bila timazi. Ukatoka na kitambi kama chake.

Nikaanza kueleza. "Ukuta huu, marehemu mume wangu..."

"Kata! Bibi, kanga imeziba maiki."

Naanza tena. "Kata! Jogoo." Naanza tena. "Kata! Jua limehama."

Mwishowe akaniambia, "Bibi, wewe tabasamu tu, papasa ukuta. Nitaongea mimi."

Haya. Nikatabasamu, nikapapasa.

Kitendawili, wajukuu: akisema nyumba nzima inamsikiliza, yeye hamsikii hata mmoja. Mmeshindwa? Televisheni hiyo!

Kipindi kikarushwa. Sebule imejaa mpaka mlangoni. Mtangazaji na sauti yake nzito: "Mababu waliupinda ukuta huu makusudi, ili kukwepa nguvu za upepo."

Upepo! Mwanangu alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Kicheko hakikudumu. Akaja bwana wa ofisi ya mambo ya kale na kibao mkononi: jengo la kale, ni marufuku kubomoa chochote.

"Baba, huo ukuta kajenga mume wangu," nikamwambia.

"Bibi, nimekuona mwenyewe unaupapasa kwa mapenzi."

"Nilipapasa kwa sababu niliambiwa nipapase!"

"Kuna shahidi?"

Yupo. Wifi yangu, dada wa marehemu, tunaishi naye ua mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa akimkandia kaka yake udongo. Miaka yote ananitania, "Wifi, huo ukuta wako utajifungua lini?" Nikamwita mbio.

Kumbe wifi tangu siku ya kipindi amekuwa mtu mkubwa. Watu wanakuja kupiga picha, anawapokea na wanja machoni.

Akamtazama yule bwana, akajibu taratibu, "Huu? Huu ni wa mababu zetu. Wifi kaletwa na ndoa tu, atajuaje?"



Kibao kikapigiliwa. Fundi akakusanya vifaa vyake, akaenda zake. Kuku akataga ndani ya sinki.

"Wifi, umeniuza!"

"Sijakuuza. Leo kwa mara ya kwanza kazi ya kaka yangu inasifiwa, halafu niivunje mimi?"

"Inasifiwa kwa jina la nani?"

Akaingia kwake, akawasha redio.

Nikanuna, acheni. Kila nikienda chooni na fimbo yangu napitia dirishani kwake, nalalamika kwa sauti ili asikie vizuri. Na yeye anaongeza sauti ya redio.

Mvua za mfululizo zikaingia. Asubuhi moja nikasikia puu! Halafu, "Mamaaa weee!"

Natoka, wifi yuko chini katikati ya ua, tope mpaka kwenye nyusi, kopo la maji kule, kandambili kule.

"Vipi, wifi? Unakwepa upepo?"

"Acha utani, nishike mkono!"

Nikamshika. Nusura twende chini wote.

Tope hata halijakauka, akaniuliza, "Yule bwana wa kibao, namba yake unayo?"

Bwana akaja, na fundi naye tukamwita. Wifi akasimama mbele ya ukuta, kidole juu. "Huu alijenga kaka yangu, Mungu amrehemu, na alijenga vibaya. Hapo chini palimshinda, akaziba na kifuniko cha ndoo. Kwangueni!"

Fundi akakwangua. Kikatoka kifuniko kizima, plastiki ya bluu.

Yule bwana akakigeuza, akakigeuza tena. "Mababu hawakuwa na plastiki," akanong'ona, kama anajiambia mwenyewe. Akaenda kung'oa kibao chake.

Choo sasa kipo, wajukuu. Ila kila asubuhi nikigonga mlango, wifi yumo ndani, anaimba.

Basi shikeni hili: anayekusifu kabla hajakusikiliza, mkimbie. Na anayeujua ukweli wako akiukana, usipigane naye. Mwache anyeshewe kidogo.