Script ya Python ilivyomeza sauti ya mama wa Tenke

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi. Hii siyo chai wala siyo ya kusimuliwa, nilikuwepo mwenyewe. Mpaka leo nikiona faili la 0 KB, yaani tupu, nasimamisha kazi zote.

Mimi ni fundi wa redio ndogo hapa mjini. Kila asubuhi tunarusha matangazo ya watu kwa sauti zao: msiba, ndugu anayetafutwa, mambo hayo. Wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi wanatusikiliza sana, maana simu zao hazipatikani kirahisi.

Tunarekodi kwa kinasa sauti, halafu script ya Python, programu ndogo tu, inahamishia sauti kwenye kompyuta. Aliyeiandika alishahama. Kwa macho ilikuwa safi: kila tangazo ni object (kifurushi chake ndani ya code), object inafungua faili, inaandika, kisha inafuta sauti kwenye kinasa ili nafasi isijae.

Siku hiyo akaja Mama Régine kutoka Tenke. Mumewe alikuwa mahututi, na mtoto wao Dédé alikuwa anachimba Mutoshi tangu agombane na baba yake. Simu yake haiiti.

Studio ilimtisha. Akaongea kama anasoma somo kanisani, akashukuru, akaenda parking kutafuta gari la kumrudisha kwa mgonjwa.

Nikawasha script. Umeme ukakatika.

(Bwawa la umeme la Nzilo liko hapo jirani, ndiyo. Huo ni uzi mwingine.)

Uliporudi, faili lake 0 KB. Kwenye kinasa, hakuna kitu.

Nikafungua code nikaona: ile object haifungi faili mpaka program nzima iishe. Sauti ilikuwa bado imekaa kwenye memory, haijafika kwenye disk, lakini amri ya kufuta ilishapita.

Software za kurudisha faili zipo, najua. Ila nikae nazo huku mama anaondoka?

Nikabeba kinasa, nikapanda pikipiki kuelekea parking. Malori ya madini yamejaa barabarani. Kila tulipokwama nilitamani kushuka nikimbie.

Nikamkuta ameshapanda, gari linaunguruma.

"Mama, sauti yako ilipotea. Sema tena, hapa hapa."

Dereva akapiga honi, akanigeukia. "Tata, acha mama, tunaenda!"

Mama akapokea kinasa dirishani, akakishika kama simu.

"Dédé, ni mi, mama yako. Tata yako anagonjwa. Anauliza weye kila asubui. Ile maneno ya zamani ilisha kwisha. Kuya, mutoto yangu. Kuya tu."

Gari likaanza kutembea. Nikakimbia pembeni yake mpaka akanirudishia.

Safari hii script sikuigusa. Nilinakili faili mwenyewe, nikasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Kesho yake tukairusha, na honi zake zote.

Siku zikapita, kila mlango ukilia nageuka.

Halafu akaingia kijana, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. "Njo mi Dédé," akajitambulisha. Akaomba asikie tena. Nikamweleza kwamba ule ujumbe wa kwanza, wa studio, ulipotea.

"Haina neno," akasema. "Huyu njo mama yangu."

Akaondoka kwenda Tenke siku ileile.

Funzo, wakuu: fungueni faili kwa `with`, ili lifungwe hata code ikigoma katikati. Kwa umeme wa kwetu hiyo peke yake haitoshi, ongezeni `flush()` na `os.fsync()` data ifike kwenye disk. Linganisheni ukubwa wa nakala na chanzo, ndipo muite `unlink()` ya kufuta. Kufuta kuwe kwa mwisho kabisa.

Nyie mnaoishi na umeme wa kubahatisha mnajilindaje? Nikosoeni, nimeiandika upya ila roho bado haijatulia.

Na kwa watakaouliza habari ya mzee: yupo, anakaa nje kwenye kiti, na bukari (ugali wetu) anakula. Mama Régine alipiga simu. Nikamuuliza kama mzee ameshapatana na Dédé.

Akacheka. "Habasemi mingi. Lakini banakula bukari mu sahani moya."