Gauni Lenye Mabawa

Diploma yangu ya ushonaji na ubunifu wa mavazi inaning'inia dukani kwangu, juu ya cherehani sita nilizonunua kwa jasho langu mwenyewe. Niliipata kabla sijaenda Doha. Kule hakuna aliyeiulizia. Walinipima urefu, wakanipa buti na sare ya ulinzi iliyoshonwa ovyo makwapani. Siku ya kwanza tu niliifumua nikaishona upya.

Nilipangwa ndani ya makavazi, kwenye maonyesho ya mbunifu mmoja Mfaransa, marehemu, ambaye gauni lake moja lingenunua kijiji chetu pamoja na ng'ombe. Ulikuwa mwezi wa Julai. Wenzangu niliokaa nao mtaa wa Al Mansoura walisimama kwenye maegesho ya magari wakiiva kama mahindi ya kuchoma, nami nikasimama kwenye AC kama maziwa ya duka. Sharti lilikuwa moja: mlinzi haongei kuhusu maonyesho, na hana maoni.

Maisha ya yule Mfaransa niliyasikia mara nne kwa siku kutoka kwa binti aliyewatembeza wageni. Baba yake aliuza nyama, ndiyo maana alipenda aproni na rangi nyekundu. Nyanya yake alimlea kwenye bustani ya waridi, ndiyo maana pindo zake zimejaa maua. Mama yangu alinilea kwenye sukuma wiki, na sijasikia mtu akiita hiyo chemchemi ya ubunifu.

Kisha, kila mara, walifika kwenye gauni jeupe la hariri.

"Tazameni mgongoni," binti alisema kwa sauti ya chini. "Vivimbe hivi viwili ni mabawa yanayoanza kuota. Utotoni alikaa kanisani akiwatazama malaika waliochorwa ukutani."

Wageni waliguna kwa heshima. Mimi nilivitazama vile vivimbe wiki mbili. Hayakuwa mabawa. Yalikuwa matiti. Walioivalisha sanamu gauni lile walikuwa wameligeuza nyuma mbele, na kwa vile zipu ilikuwa ubavuni, hakuna aliyegundua. Yeyote aliyewahi kumshonea shangazi yake blauzi angeona.

Nikamwambia msimamizi wetu, Mganda mmoja mwenye kitambi na subira kidogo.

"Ssebo, wewe ni fundi ama ni soja?"

"Vyote viwili, mkubwa. Nina diploma."

"Na diploma yako inasema malaika hawana mabawa?"

"Inasema hawana matiti mgongoni."

Kesho yake nilikuwa maegeshoni. "Huku hakuna gauni," aliniambia. "Ukiona gari limevaa nyuma mbele, niite. Ukirudia maneno yako, utapanda ndege." Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku ya ibada hata kwa Wakristo, tulipotoka kanisani Mesaimeer, wenzangu walikuwa wameshanibatiza upya: Fundi wa Malaika.

Siku ya tano gari lilisimama mbele yangu, akashuka bibi Mfaransa, mfupi, kimto cha pini kimefungwa mkononi kama saa. Dereva akaninong'oneza kwamba ndiye aliyemshonea yule mbunifu tangu ujana wao, na amekuja kukagua nguo. Nilifikiria ndege. Kisha nikafikiria lile gauni.

"Madam, gauni jeupe," nikasema. Kiingereza chake kilikuwa haba, basi nikashika kifua changu kwa mikono miwili, kisha nikaonyesha mgongo.

Hakucheka. Alinitazama vidole, akaona sugu ya mkasi, akaingia ndani.

Alitoka na msimamizi akimfuata kwa adabu ambayo sikujua anayo. Akanipa mkono, fundi kwa fundi.

"Nililishona kwa ajili ya mwimbaji aliyejaaliwa kifua," alisema polepole. "Malaika hawakuhusika." Kisha akamgeukia msimamizi: "Huyu akae ndani."

Kesho yake nilikuwa ukumbini tena. Gauni lilikuwa limegeuzwa, matiti yako mahali pa matiti. Nilisubiri msafara wa kwanza kwa hamu.

Binti alifika, akasita kidogo, akapumua.

"Tazameni kifuani," alisema. "Hapa ameyaleta mabawa ya malaika mbele, yaukumbatie moyo."

Wageni wakaguna. Binti akanitupia jicho. Msimamizi, mlangoni, akanitupia jicho pia. AC ilikuwa ikinipuliza shingoni taratibu. Mimi, mwenye diploma, nikatazama mbele kama sanamu.