Wimbo Nilioutungia Wafugaji

Ijumaa hiyo nilitoka msikitini, nikala wali wa mpunga mpya kwa kambale wa kukaanga, nikafua kanzu yangu na kuianika. Kabla haijakauka nilikuwa nimekwisha kutunga wimbo. Nasema hivi ili ieleweke kwamba siku hiyo sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa nimeshiba, mke wangu anacheka na jirani uani, na maneno yalikuja yenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji ambacho sitakitaja jina, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Ruaruke. Nilifundisha Historia na Kiswahili. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ushirika ulikuwa umekufa, korosho zilinunuliwa na yeyote aliyekuja na mizani yake, mitumba ilijaa gulioni, na kila mtu aliambiwa yuko huru kutafuta riziki popote. Wafugaji nao walitumia uhuru huohuo. Walifukuzwa huko bara na ukame na mashamba makubwa ya ngano, wakashuka na ng'ombe wao mpaka kwenye bonde letu la mpunga. Sisi tuliwaita Wamang'ati wote, bila kuuliza. Aliyekuwa Mbarbaig na aliyekuwa Msukuma, kwetu alikuwa Mang'ati tu.

Kwetu, mpunga ukishaingia ndani, vikundi viwili vya ngoma hushindana. Kikundi kimoja humwimba mwenzake vijembe, na aliyeimbwa ana muda hadi Ijumaa inayofuata kujibu kwa wimbo wake. Matusi huwa makali. Mimi mwenyewe nimeimbwa masikio yangu, nimeimbwa mke wangu wa kwanza aliyeniacha, nikacheka hadi machozi. Wimbo ukishajibiwa mambo yamekwisha, na watu hula sahani moja. Nilikuwa mtunzi wa kikundi chetu kwa miaka tisa na nilijivuna sana kwa kazi hiyo.

Mwaka huo mtunzi wa wapinzani wetu alilazwa hospitali ya Kibiti na kikundi chao hakikutoka. Ngoma zilikuwa zimekwisha kuwambwa, na ilibidi apatikane mtu wa kuimbwa. Tukawachagua wafugaji. Nimetafuta sababu nzito zaidi ya hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini na sijaipata.

Mshenzi hana kwao, kwao mkiani mwa ng'ombe,
Hajui kushika jembe, hajui kuoga mtoni,
Mtimueni arudi kwao, na fimbo yake begani.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo nilikuwa nimewafundisha darasa la sita habari za misafara ya watumwa. Mimi ni Mmatumbi. Bibi yangu alinisimulia kwamba wazee wetu kule milimani walipikia mapangoni ili moshi usionekane na watekaji. Niliandika neno mshenzi ubaoni, nikaeleza kwamba ndivyo walivyotuita wale waliokuja na kamba, kwa sababu ni rahisi kumfunga mtu ukishamwita hivyo. Watoto walinakili vizuri. Siku nne baadaye nililiweka neno lile mwanzoni mwa wimbo, na sikushtuka hata kidogo. Lilikaa vizuri na mapigo ya ngoma.

Nilikuwa na rafiki miongoni mwa wafugaji. Aliitwa Gidamis, Mbarbaig, mtu mrefu wa maneno machache, na boma lake ndilo lililokuwa karibu zaidi na kijiji. Alikuja kwangu mara ya kwanza na kibuyu cha maziwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya serikali ya kijiji, yenye mhuri, iliyomruhusu kukaa na kuchunga upande wa mikorosho mizee. Hakutaka nimsomee. Alitaka nimfundishe hadi aisome mwenyewe. Kila Jumanne na Alhamisi saa za alasiri tulikaa darasani, yeye kwenye dawati dogo, magoti juu, akifuata herufi kwa kidole. Kufikia mavuno alikuwa anaisoma barua ile yote, polepole, na kila alipofika kwenye mhuri alitabasamu. Nilimpenda mtu yule. Nasema wazi kwa sababu wengine hudhani wimbo ulitungwa na mtu aliyewachukia.

Wimbo uliimbwa Ijumaa ya kwanza, watu wakafurahi. Ukaimbwa ya pili. Ijumaa ya tatu watu walianza kutazama upande wa mabomani, kana kwamba kweli kikundi cha ngoma kingetokea huko kuja kujibu. Hakikutokea. Omari, mpiga ngoma wetu mkuu, alifuta jasho akanisogelea.

"Mwalimu, wale hawajibu ng'o," akasema. "Watuona si watu wa kujibiwa, ati."

Kwetu hakuna dharau kubwa kuliko kuimbwa ukanyamaza. Aliyenyamaza amekuona huna hadhi ya ugomvi. Wafugaji hawakujua lolote kuhusu hayo. Wao waliona watu wamekusanyika kila Ijumaa kupiga kelele kwamba wafukuzwe, wakafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Walikaa kimya na kuweka mikuki karibu. Ningeweza kulieleza hilo kwa dakika moja tu, pale uwanjani, na watu wangenisikiliza. Badala yake nilisikia uchungu wa mtunzi aliyekosa jibu, nikaongeza ubeti. Ubeti huo siuandiki hapa.

Kesho yake Gidamis alikuja, ingawa haikuwa siku ya somo. Alisimama mlangoni.

"Mwalimu, wimbo ule nani ametunga?"

"Wimbo wa ngoma hauna mwenyewe," nikamjibu.

"Unasema mimi sina kwetu. Halafu unasema nirudi kwetu. Nirudi wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia amekuwa mwanafunzi hodari, ameshaanza kukosoa mashairi. Hakucheka. Alisema wenzake wa maboma ya mbali wanavuka mto kuondoka, na mkewe, Udameda, anataka nao waende. Ng'ombe wawili walikuwa karibu kuzaa na mtoto wao mdogo alikuwa na homa, lakini wangeweza kwenda.

"Wewe unawajua watu wako," akasema. "Twende au tukae?"

"Kaeni," nikamwambia. "Ni mchezo wa mavuno. Mpunga ukiisha, na wimbo unaisha."

Alinipa mkono, akaondoka. Nilirudi kusahihisha madaftari. Sikuweza kutulia. Niliyasahihisha mengine mara mbili.

Siku nane baadaye ng'ombe wa boma la mbali waliingia shamba la mpunga la Saidi, mkulima wa upande wa chini, aliyekuwa bado hajamaliza kuvuna. Saidi alimkata ng'ombe mguu kwa panga. Mchungaji alimchoma Saidi mkuki ubavuni. Walimfunga kwenye baiskeli kumpeleka Kibiti, na alikata roho njiani kabla ya lami. Walirudi naye. Nilimuosha pamoja na wengine. Alikuwa amevaa fulana ya mtumba yenye maandishi ya kigeni, na nakumbuka nilijaribu kuyasoma ili nisitazame kidonda.

Tulimzika saa kumi. Saa kumi na moja magobore yalikuwa yametoka mvunguni.

Siku mbili walipigana kwenye kijito cha chini. Wafugaji walikuwa na mishale. Kwetu walijeruhiwa watu watano, mmoja akapoteza jicho. Kwao sijui, waliwabeba watu wao. Shule ilifungwa. Mimi sikwenda kijitoni, wala sikukaa nyumbani. Nilitembea. Nilikwenda shuleni, nikarudi, nikaenda msikitini, nikarudi. Mke wangu aliniambia nikae chini, namtia kizunguzungu. Nilimfikiria Gidamis na kila mara nilijiambia kwamba yeye ana barua, kila mtu anamjua, boma lake halina ugomvi na mtu.

Siku ya tatu wafugaji wa mbali walikuwa wameshavuka mto na ng'ombe wao. Asubuhi nikiwa kwenye ukumbi wa shule nilisikia watu wanakuja na njia ya mikoroshoni.

Walikuwa wanaimba.

Niliujua wimbo kabla sijayasikia maneno. Niliujua kwa mapigo. Wanaume kama arobaini, wanakimbia taratibu, na kwenye kila pigo mguu unashuka.

Walikuwa wanaimba ubeti ule wa mwisho.

Nilikimbia. Nilipita njia ya mkato, nyuma ya kisima. Nilifika kwenye mikorosho mizee wao wakiwa wameshafika.

Gidamis alitoka nje ya boma. Hakushika mkuki. Alishika barua.

Aliifungua mikunjo minne, mmoja mmoja. Akaanza kuisoma kwa sauti. Alisoma kama nilivyomfundisha, polepole, kwa kidole.

Watu walinyamaza. Naapa walinyamaza. Nilikuwa umbali ambao watu huitana bila kupaza sauti. Omari alikuwa mbele, na alikuwa ameteremsha panga.

Hapo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusema neno moja. Mwalimu wao. Mtunzi wao.

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Haikutoka hata chembe ya sauti.

Mtu wa nyuma akacheka. Akasema, "Mang'ati anasoma!" Wengine wakacheka naye.

Gobore likalia.

Sikumwona aliyepiga. Niliona karatasi ikianguka kabla ya Gidamis. Baada ya hapo ni moshi wa makuti, ng'ombe wanakimbia ovyo, na mimi nimekaa chini nyuma ya mkorosho na viganja masikioni.

Walipoondoka na ng'ombe nilimkuta Udameda kwenye matete ya kijito cha nyuma, na watoto watatu, mdogo wa homa akiwa mgongoni. Aliponiona hakukimbia. Niliwaongoza kwa njia za porini, tukikwepa vijiji, hadi barabara kuu, na kutoka hapo hadi Kibiti kwa lori la mkaa. Dereva aliuliza hawa ni watu wako? Nikasema ndiyo. Lilikuwa jambo la pekee la maana nililosema siku zile tatu, na lilikuwa la uongo.

Kibiti nilikwenda kwa mpelelezi. Nilimweleza yote: wimbo, ubeti wa nyongeza, ushauri niliompa Gidamis, na kunyamaza kwangu. Aliandika kwa muda, kisha akaweka kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana hajalala.

"Mwalimu, nikuandikie kosa gani? Kuimba?" akauliza. "Nataka aliyeshika bunduki."

Waliofungwa ni wawili. Mmoja ni Omari, ambaye panga lake lilikuwa limeteremka. Nililisema hilo mahakamani, lakini watu watatu walisema vingine. Sijui haki ilikaa wapi katika kesi ile. Saidi aliuawa, na aliyemuua alivuka mto akapotea. Gidamis aliuawa, na aliyefyatua gobore nadhani nilisali naye safu moja kwa miaka mingi. Kijiji kilipata bonde lake, na msimu uliofuata tulivuna vizuri.

Niliacha kutunga. Historia niliendelea kuifundisha hadi nilipostaafu, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo kuhusu watu waliowaua majirani zao katika nchi nyingine. Navisoma kwa papara, nikiruka kurasa, nikitafuta mtu kama mimi. Kwenye vitabu vingi wenye chuki huja na buti, na lugha ya kigeni, na unawatambua toka mlangoni. Nadra kumkuta mtu aliyekuwa ameshiba, anasubiri kanzu ikauke, anatafuta kina cha shairi. Nikiisikia ngoma ya harusi mtaani kwetu hapa Kibiti hutoka nikaenda kutembea hadi iishe, na wanangu wamezoea.

Kuna jambo moja sijalisema mbele ya mtu hadi leo. Siku ya mwisho ya ushahidi Udameda alisimama, na mkalimani akasimama karibu naye. Aliulizwa kama kuna mtu kijijini aliyewahi kuwatishia. Alisema wapo wengi. Aliulizwa kama kuna aliyewasaidia. Akageuka akanitafuta kwenye mabenchi hadi akanipata, akasema maneno mengi kwa lugha yake, macho yake kwangu.

"Anasema," mkalimani akasema, "katika kijiji kile alikuwako mtu mmoja tu aliyetaka wakae. Wengine wote waliwaambia waondoke. Anasema marehemu alimwamini mtu huyo kuliko ndugu zake. Anamshukuru mbele ya mahakama."

Hakimu alinitazama kwa heshima. Watu kwenye benchi waligeuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia wimbo ulitungwa na nani, na nilikuwa bado na nafasi ya kusimama.

Niliinamisha kichwa, kama mtu anavyopokea asante, na nikabaki nimekaa.