Zimwi Linataka Kupelekwa Kwao

Leo nimepokonywa maikrofoni na nyanya anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani.

Mnanijua. Mimi ndiye yule mnaita Profesa, hutafsiri sinema kwa banda la video hapa Mbita. Studio za ng'ambo hazina siri kwangu.

Mchana tumeweka ile mpya. Wamefufua mazimwi wote wa zamani, wakawaunganisha kwa hadithi moja: mnyonya damu, mtu-fisi, na maiti ya mfalme iliyofungwa vitambaa.

Dani, ndivyo sote tunamwita huyo nyanya wa omena, akauliza, "Nyakwara, mjukuu wangu, huyu wa vitambaa si ulisema alikufa?"

Nikajibu kwa madaha. "Dani, hii ni biashara. Studio inarudisha wote ili..."

"Alizikwa wapi?"

"Hakuzikwa. Wamemweka kwa makumbusho huko Ulaya."

Banda zima likamgeukia Dani. Hata wauza njugu.

"Sasa atatulia aje?" Dani akasema. "Hata mtengeneze sinema ishirini, atarudi tu. Wampeleke kwao, wamlilie vizuri, hii maneno iishe."

Mtu wa nyuma akasema, "Profesa, mpe Dani maikrofoni."

Nikacheka. Nikaona hakuna mwingine anacheka.

Dani akaninyang'anya maikrofoni, akatafsiri mpaka mwisho. Zimwi likinguruma, Dani anaeleza linaulizia njia ya nyumbani. Walipolichoma moto, wanaume wazima wamelia.

Mimi nilikuwa nje nikilinda beseni lake la omena, nikisikilizia kwa mabati. Nimefuta machozi pia, nikasingizia moshi.

Semeni ukweli hapo chini: kesho nirudi kwa maikrofoni, ama nizoee beseni?