Hodi Yenye Nuksi

“Bi Hayat, hodi yako ina nuksi! Kila ukibisha tunafungwa!” Jirani yake, dereva wa basi, alimfokea, na vitumbua alivyoletewa akavipokea hivyo hivyo. “Timu yako ilishuka daraja kabla sijahamia mtaa huu wa Hayes, bwana wee!” Hayat akamrudishia. Mwanamume yule hutazama mpira amekumbatia mto, akiuzungusha kulia na kushoto kama usukani, akiwasihi wachezaji mpaka Hayat anamsikia ukutani: “Kata, mwanangu, kata!” Siku ya mechi ya kuamua nani arudi ligi kuu, Hayat alimwonea huruma, akajizuia kwenda kubisha. Nyuma ya ukuta sauti ikafa ghafla. Punde akabishiwa yeye hodi. “Leo hukuja, na tumefungwa vile vile,” alisema dereva, macho chini. “Niwie radhi, dada.” “Nimekusamehe. Nuksi kaitafuteni kwa kipa wenu. Ingia, chai ipo.”